Unyevu wa Mwenyekiti

Mbwa wa mkubwa akikojolea ukuta wako, nawe umesimama hapo hapo unamtazama, utamfukuza au utamwamkia?

Usijibu haraka. Kila mtu ni simba akiwa kitini kwake na kitabu mkononi. Hata msimamizi wa jengo ninayetaka kusimulia habari zake alikuwa simba, alipokuwa peke yake na ndoo yake. Lakini siku ya kwanza Jenerali alipoteremka ngazi, akanusa ukuta wa ukumbi wa kuingilia, akageuza kiuno, akanyanyua mguu wa nyuma na kuachia, msimamizi alilibana fagio kifuani kama askari wa gwaride, akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," aliitikia Mwenyekiti wa wapangaji, ambaye ndiye aliyeshika mnyororo. Jenerali hakuitikia. Alikuwa kazini.

Jengo zima lilimwita msimamizi huyo Sawasawa. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeota kutu kwa kutotumika. Taa ya ngazini imeungua? Sawasawa, bosi, nabadilisha. Maji hayapandi ghorofa ya juu? Sawasawa, dada, naenda kuitazama pampu. Wewe ni mvivu na mjinga? Sawasawa, mzee. Baba yake alikuwa tarishi wa ofisi, na alimlea kwa methali moja tu: mkono usioweza kuukata, ubusu. Kijana akabusu mikono mpaka midomo ikaota sugu. Alilinda ghala, akafagia shule, akafungua na kufunga geti la kiwanda, na kote huko mameneja walifukuzwa na wakuu wakapinduliwa, lakini yeye alibaki, rundo la funguo likimlia kiunoni. Kazini hakuwa mzembe. Ngazi zake zilikuwa safi, na pampu ikikohoa tu alijua inaumwa wapi. Tatizo lake lilikuwa moja: uti wa mgongo wake ulikuwa na bawaba.

Mkewe hakuwa na bawaba hiyo. Alikuwa mshonaji, na watu walimwita Fundi. Walikaa chumba cha chini, mlango wake ukiwa pale pale ukumbini. Pazia liligawa chumba mara mbili: nyuma kitanda, mbele cherehani, meza ya kukatia, na kamba iliyofungwa ukutani ambako nguo za wateja zilitundikwa zikisubiri wenyewe. Ukuta huo uliobeba nguo ndio huo huo ambao, kwa upande wa pili, Jenerali aliuchagua. Lilikuwa jibwa kubwa kama ndama, lenye mashavu yanayoning'inia na kibofu kisicho na mwisho. Asubuhi akitoka, jioni akirudi, alitia saini.

Harufu ilipita chini ya mlango. Ikaingia kwenye pazia, ikaingia kwenye godoro, na mwisho ikaingia kwenye vitambaa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nao hawakuwa wamekutana na Jenerali. Mteja mmoja, mhasibu mwenye heshima zake, alirudisha suti aliyoichukua wiki hiyo hiyo.

"Fundi, mshono sina neno nao," alisema, akiishika suti kwa vidole viwili. "Lakini nikiingia kwenye lifti ya ofisini, watu wananusa, halafu wananitazama viatu."

Fundi aliipokea suti, akaomba radhi, akaufunga mlango. Kisha akamgeukia mumewe.

"Mume wangu, nasema mara moja. Wateja wakinikimbia, nitashona nini, ngozi yako? Ukuta huu ukiwa bado unanuka Jumamosi, mimi na cherehani yangu tunahamia kwa dada. Wewe baki na Jenerali. Nyinyi wawili mnaelewana."

"Sawasawa," alisema Sawasawa.

"Sawasawa nini?"

"Yaani... si sawasawa."

"Basi kamwambie mwenye mbwa."

Hapo Sawasawa akakumbuka kwamba kuna bomba la kutazama ghorofa ya juu, akatoka.

Kumwambia mwenye mbwa! Fundi alisema kama vile ni jambo la kufungua mdomo tu. Mwenyekiti alikuwa mstaafu wa ofisi kubwa, ambayo hakuna aliyejua ilifanya nini, na hilo ndilo lililoifanya iogopwe. Alitembea kwa tumbo kwanza. Ndiye aliyeamua nani awe msimamizi wa jengo na nani afungashe virago. Na ndiye aliyekwishatoa tamko kuhusu harufu. Siku moja alisimama ukumbini, akavuta pumzi, akasema, "Jengo hili lina unyevu." Basi. Tangu saa hiyo kila pua ilinusa unyevu. Karani wa ghorofa ya kwanza alisema unyevu. Muuguzi, ambaye kazi yake yote ni kupokea vikopo vya mkojo na kuvipeleka maabara, alisema unyevu. Fundi bomba aliitwa kutafuta bomba linalovuja katika ukuta usiopitiwa na bomba lolote, na kwa kuwa aliitwa na Mwenyekiti, alilipata.

Hivi ndivyo uongo unavyojengewa nyumba. Haupigiwi kura. Mkubwa mmoja ananusa, wengine wote wanaziazima pua zao kwake, na anayekaa karibu na ukuta ndiye anayekosa usingizi.

Sawasawa akaamua kuupiga vita ukuta badala ya mwenye mbwa. Ukuta hauna cheo. Kwanza alichukua rangi ya maji iliyobaki stoo, rangi ya maziwa ile ile ya ukumbi, akapaka juu ya doa bila hata kuliosha. Funika kombe mwanaharamu apite. Lakini mwanaharamu huyu hakuwa wa kupita. Alikuwa wa kurudi kila asubuhi na jioni. Rangi ilipokauka, umanjano ulijitokeza upya taratibu, umepanuka pembeni, kama ramani ya nchi iliyoshinda vita. Harufu nayo ilitulia hadi jua lilipoupiga ukuta, kisha ikaamka na hasira ya mtu aliyefunikwa blanketi usoni.

Akapulizia manukato. Sasa ukumbi ukanuka mbwa aliyekwenda arusini.

Kisha akafanya kosa ambalo nalisamehe, maana lilitoka kwenye moyo safi. Alikwenda dukani, akaomba dawa kali kuliko zote. Muuzaji akampa chupa ya dawa ya kusafishia yenye amonia, akaisifu kwamba inaua kila kitu. Sawasawa aliimwaga, akasugua kwa waya wa kusugulia sufuria mpaka rangi ikachunika na machozi yakamtoka. Akarudi nyuma kutazama kazi yake. Ukuta ulikuwa umejaa makovu, lakini alikuwa na hakika: hakuna mnyama atakayeusogelea ukali ule.

Jioni Jenerali aliingia, akasimama ghafla. Alinusa ukuta kwa makini, kama mtu anayesoma tangazo la msiba wa adui yake na kugundua kuwa adui hajafa. Manyoya ya mgongoni yakasimama. Kisha akanyanyua mguu, akajibu. Alijibu kirefu, akapumzika, akaongeza nukta. Kesho yake mbwa wasio na mwenyewe wakaanza kuchungulia mlangoni kutoka barabarani, kila mmoja na maoni yake.

"Ulitaka kumfukuza mmoja, umeita mkutano wa hadhara," Fundi alisema bila kuinua macho kwenye mshono.

Sawasawa alibaki na njia moja isiyohitaji uti wa mgongo: kamati. Wapangaji walikutana sebuleni kwa Mwenyekiti, kwenye makochi yake, wakinywa chai yake, huku Jenerali amelala katikati ya zulia na kila anayepita akimruka kwa adabu. Sawasawa alisimama karibu na mlango, akakunjakunja kofia yake.

"Waheshimiwa, pale chini kuna... kuna majimaji. Yanaingia kwangu."

"Unyevu," alisema Mwenyekiti.

"Unyevu," walisema makochi.

"Ni unyevu, mzee, ila... ni unyevu unaokuja kwa saa. Asubuhi na jioni."

Muuguzi alitazama ndani ya kikombe. Karani alikohoa. Ndipo Mwalimu wa ghorofa ya pili, katibu wa kamati na mtu wa busara nyingi zisizo na faida, akainua kalamu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, bila kumnyooshea kidole mtu yeyote, au kiumbe chochote, napendekeza tuweke tangazo. Tangazo halimtaji mtu. Mwenye masikio atasikia."

Hoja ikapita kwa vifijo. Wakabishana hadi chai ikapoa kama liandikwe "Tafadhali" au lisiandikwe, na mwisho Mwalimu akachora kwa herufi nyekundu kwenye kibao: USIKOJOE HAPA. Sawasawa akakigongelea misumari juu ya doa, kwenye usawa wa macho ya mtu mzima.

Jenerali hakukisoma. Lakini ndugu msomaji, wewe unajua, nami najua, na mtu yeyote aliyewahi kutembea mjini anajua, kwamba ukuta ulioandikwa maneno hayo si ukuta tena. Ni anwani. Adhuhuri ya siku iliyofuata, Sawasawa akiteremka na ndoo, alimkuta mpita njia amesimama mbele ya kibao, miguu imepanuka, anatazama dari kwa utulivu wa mtu aliyefika.

"We! We mjinga!" Sawasawa aliruka ngazi mbilimbili. "Huna haya? Huna adabu? Huoni hapa pana watu?"

Mtu yule alishtuka, akajifunga zipu vibaya. "Kaka, samahani. Nimeona kibao. Nikajua ndipo penyewe."

"Kibao kinasema usi!"

"Vyote vinasema usi, kaka. Ungependa kiandikwe karibu?"

"Toka! Toka kabla sijakuvunja mguu! Nyumba ya watu unaifanya choo, mshenzi mkubwa!" Alimkimbiza hadi barabarani, fagio juu, sauti yake ikigonga kuta za jengo zima, sauti nene, ya kiume, ambayo hakuna mpangaji aliyewahi kuisikia.

Aliporudi akihema, Fundi alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni.

"Kumbe sauti unayo," alisema.

Aliingia ndani akaanza kukunja vitambaa, akivipanga kwenye sanduku, vya wateja upande huu, vyake upande ule. Sawasawa alimtazama. Alijua mkewe hatishi kwa sanduku. Mkewe alipokunja nguo, alikuwa anakunja nguo. Na alijua pia alichokisikia. Kwa maskini mwenziwe aliyebanwa na haja, amekuwa simba. Kwa mbwa wa mkubwa, amekuwa zulia.

Aling'oa kibao, akatoka moja kwa moja hadi kwa daktari wa mifugo mwenye chumba chake karibu na soko, mwanamke kijana mwenye miwani na mikono iliyokwaruzwa na wagonjwa wake. Sawasawa alimsimulia yote, kwa kusingizia kwamba ni habari za jengo la rafiki yake.

"Baba, huyo rafiki yako alitumia amonia?" Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Mkojo wenyewe unanuka amonia. Mbwa akainusa akadhani kuna dume jingine limeingia. Mwambie hajasafisha ukuta, amemwandikia Jenerali barua ya matusi."

Akamweleza pole pole. Aoshe kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kwa sifongo, si kwa waya, maana waya unaipasua rangi na mkojo unapata pa kujificha. Asiguse dawa ya klorini, hasa pale palipopita amonia, maana mvuke wake ni sumu. Kisha apake dawa yenye vimeng'enya, vile viini vya kikemikali vinavyokula mabaki ya mkojo yenyewe badala ya kuyafukizia marashi. Ajaribu kwanza pembeni pasipoonekana, aone kama rangi inabadilika, halafu aulowanishe ukuta na kuuacha ukauke wenyewe bila haraka. Doa likiwa limezama, apake rangi ya msingi ya kuziba, ndipo rangi ya juu.

"Rangi ya maji peke yake haizuii kitu," alisema. "Harufu inapita kama mwizi kwenye pazia."

"Sawasawa, daktari."

"Na baba, dawa hii inasafisha ukuta. Haifungi mguu wa mbwa. Yuko mtu ambaye rafiki yako itabidi amwambie."

Bahati ilimpa nafasi. Mwenyekiti alisafiri na Jenerali kwenda kukagua shamba lake, asirudi hadi Ijumaa jioni. Sawasawa alikunja mikono ya shati. Aliosha kwanza, akasuuza mpaka maji ya ndoo yakatoka meupe. Akapaka dawa ya daktari pembeni, nyuma ya mlango, akangoja, rangi haikubadilika. Akaulowanisha ukuta wote ulioumia, na chini kwenye kona, ambako mkojo ulikuwa umetiririka na kutuama, akaloweka vitambaa akavibandika. Fundi alitoka kumtazama, akarudi ndani, akatoka tena na vipande vya pamba vilivyobaki kwenye mashuka, akampa. Ukuta ulipokauka, Sawasawa alipiga magoti akaweka pua kwenye plasta kama mtu anayembusu mtoto. Hapakuwa na kitu. Chokaa tu. Akakwangua rangi iliyonyanyuka, akalainisha kwa msasa, akapaka ya kuziba, na Ijumaa akamalizia na rangi ya maziwa. Fundi naye akanusa.

"Umeuweza," alisema. Lakini sanduku hakulifungua. "Jenerali anarudi leo."

Wakarudi jua likizama. Gari lilisimama nje, mlango ukafunguliwa, na Jenerali, aliyebanwa na safari nzima, akaingia ukumbini akimvuta Mwenyekiti kama mkokoteni. Alielekea mahali pake bila kuuliza. Akageuza kiuno.

Sawasawa alikuwa ameegemea ngazi. Baadaye hakuweza kueleza miguu yake ilivyoamua. Alijikuta tu yuko katikati, mgongo ukutani, kifua kwa mbwa. Jenerali akabaki na mguu hewani, akimtazama. Hakuwahi kuona ukuta wenye macho.

"Msimamizi," alisema Mwenyekiti, "unafanya nini?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuuliza unafanya nini."

"Mzee, Jenerali anakojoa hapa."

Juu, mlango wa mtu ulifunguka kidogo. Kisha mwingine. Mwalimu alikuwa kwenye ngazi na mfuko wa mikate, akasimama, mguu mmoja chini, mmoja juu, kama Jenerali.

"Nani anakojoa?" Mwenyekiti aliuliza taratibu.

"Jenerali, mzee. Kila asubuhi na kila jioni. Na chumba changu kiko nyuma ya ukuta huu. Mke wangu anashona humo. Tunalala humo."

"Tulishakubaliana kwenye kikao kwamba ni unyevu."

"Unyevu haunyanyui mguu, mzee."

Kule juu mtu alicheka, akajiziba mdomo akiwa amechelewa. Uso wa Mwenyekiti uliiva kwa hasira. Alimtazama Mwalimu, Mwalimu akaanza kukagua mikate. Alitazama juu, milango ikajirudisha, lakini haikufungwa. Jenerali, ambaye ndiye pekee asiyekuwa na la kuficha, alishusha mguu akalia kidogo.

"Kesho asubuhi," alisema Mwenyekiti, "tutajua nani anaendesha jengo hili." Akamvuta mbwa hadi uani, akamngoja gizani amalize haja, akapanda naye bila kumtazama mtu.

Ndani, Sawasawa alikaa kitandani. Alianza kuzitoa funguo kiunoni, moja moja, akizipanga juu ya meza ya kukatia, ili asubuhi asije akahangaika kuzikabidhi.

"Nimetufukuzisha, mke wangu," alisema.

Fundi alikuwa ameinama juu ya sanduku. Alitoa kitambaa cha suti, akakikung'uta, akakitundika kwenye kamba.

"Tukifukuzwa, tutaondoka tukinuka vizuri," alisema. "Nisogezee taa."

Asubuhi Sawasawa aliamka mapema, akafagia ukumbi kama kawaida, akasimama chini ya ngazi na funguo zote mkononi. Jengo lilikuwa na shughuli nyingi za ghafla. Muuguzi alikuwa anapangusa kitasa kisichokuwa na vumbi. Karani alifunga kamba za kiatu kwenye ngazi, akazifungua, akazifunga tena. Mwalimu alisimama mlangoni kwake na kikombe.

Juu kabisa mlango ulifunguka. Zikasikika hatua nzito, kisha pumzi, kisha kimya, kisha hatua tena. Sawasawa alizibana funguo mkononi.

Mwenyekiti alitokeza kwenye kona ya ngazi akiwa amembeba Jenerali. Alimbeba kwa mikono miwili, kifuani, kama mtoto aliyelazwa na homa, miguu minne ya jibwa ikining'inia na mkia ukimpiga kwenye miwani. Jasho lilimtiririka. Kila ghorofa alipumzika, akitazama mbele kama mtu aliye peke yake jangwani, na kila ghorofa watu walimwamkia kwa adabu zote, naye hakuwa na pumzi ya kuitikia. Alipofika chini Jenerali aliunyooshea shingo ukuta wa rangi ya maziwa. Mwenyekiti akamgeuzia upande wa pili.

"Msimamizi."

"Naam, mzee."

"Fungua mlango. Huoni mikono yangu imejaa?"

Sawasawa aliufungua. Mwenyekiti akapita ubavu ubavu, tumbo na mbwa kwa pamoja, akimpisha mama mmoja aliyekuwa anaingia na kitambaa kwapani, anamtafuta mshonaji. Mama yule akageuka kumtazama mpaka alipotoweka nyuma ya gari.

"Masikini," alimwambia Sawasawa. "Mbwa anaumwa?"

"Hapana, mama. Anapona mwenye mbwa," alisema Sawasawa, akarudisha funguo kiunoni na kumwonyesha mlango wa Fundi.